Mama Elisaria na BP ya Ufaransa

Wapendwa mliojaa hapa nyumbani Ilala kumsindikiza dada yetu, asanteni na poleni. Mimi ni Nice, mdogo wake wa kumfuata. Ilipendekezwa asome mtu mwenye sauti iliyotulia. Nikasema thubutu! Dada yangu nitamsimulia mwenyewe, na nikilia mtanivumilia.

Marehemu Agnesi Ndeshukurwa Swai alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 katika kijiji cha Nkweshoo, Machame, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi wetu, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya misheni hapo kijijini, akamaliza darasa la nane mwaka 1959, kisha akajifunza kupiga chapa mjini Moshi. Kusoma kulikuwa ugonjwa wake. Ukimletea nyama iliyofungwa gazetini, anasoma kwanza gazeti, na sisi tunasubiri na njaa zetu.

Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa na shemeji yetu Allan Swai, dereva wa malori, wakahamia Dar es Salaam. Mungu aliwajalia watoto wawili: Winifrida, aliyezaliwa mwaka 1968, na Elisaria, aliyezaliwa mwaka 1971. Shemeji Allan alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1984. Dada hakuolewa tena, na waliojaribu kumposa walipewa chai wakaondoka.

Alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma hadi mwaka 1987, wafanyakazi walipopunguzwa. Ruksa ya biashara ilikuwa imeingia, mitumba nayo imeingia, basi akaingia soko la Mchikichini kuuza raba. Kila belo lilikuwa na raba kubwa mno ambazo hazipati mnunuzi, na Elisaria alikuwa anarefuka kila tukigeuka. Raba zile zikawa zake. Alizivaa kuchezea mpira wa kikapu kule Upanga, na kufikia mwaka 1991, dada alipopata fremu yake ya duka Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kijana alikuwa anatazamwa na makocha wa nje.

Agosti 1993 klabu moja ya Ufaransa ikamchukua. Wachagga wenzangu mnajua: mtoto wa mwisho wa kiume ndiye wa kukaa kwenye kihamba, shamba la ukoo, na kumzika mama yake. Pale uwanja wa ndege dada alimshika mkono asiuachie. Akamwambia, "Nenda, baba. Lakini nikifa, wewe utaletewa picha za msiba." Hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi. Kwenye biashara hakuogopa mtu, ila aliogopa kufa mwanawe akiwa mbali.

Elisaria, ili mama yake atulie, akawa anatuma kwa faksi karatasi ya takwimu baada ya kila mechi. Faksi ilikuwa dukani kwa jirani yetu Mzee Devendra, aliyepo hapa na mkewe, mama Jasvanti, asanteni sana. Karatasi zile zina majina ya wachezaji, na mbele ya kila jina vifupisho na namba: pointi alizofunga, mipira aliyodaka ubaoni, pasi alizotoa. Na safu moja imeandikwa BP.

Dada akasoma. BP ya Elisaria tatu. Mechi iliyofuata, nne. Februari 1994 ikaja sita. Akanijia mbio, kanga imemwanguka begani. "Nice! Mtoto ana presha na inapanda! Na tazama hapa chini, timu nzima kumi na saba. Hawa Wazungu wanachezesha wagonjwa?" Nikasoma na mimi. Kweli, BP. Hospitali zetu zote si wanasema BP? Tukaanza kulia sote wawili.

Jumuiya yetu ya sala ikaitwa, tukafunga na kuomba. Mwenzetu Euphrasia, ambaye ni muuguzi, akasema kwa upole, "Mama Elisaria, BP haiandikwi namba moja, zinaandikwa mbili." Dada hakuelewa. Euphrasia akatoa kipimo chake kwenye mkoba, akamfunga mkononi ili amwonyeshe. Akapima. Akapima tena. Akasema, "Mwenye presha ni wewe. Kesho asubuhi tunaenda Muhimbili."

Jioni ile ile simu ikapigwa Ufaransa. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Presha yako imefika ngapi?" Kijana alipoelewa alicheka mpaka tukadhani simu imeharibika. Kumbe kwa Kifaransa BP ni mipira aliyopoteza mchezaji. Dada akamjibu, "Basi ipoteze tu, baba, mingine watakununulia."

Daktari alimwambia kwamba angechelewa kidogo tu, angeanguka pale pale dukani. Tangu siku hiyo alikunywa dawa, akaacha chumvi, akagombana na kila aliyempikia. Akaishi. Alimsindikiza Winifrida kanisani kufunga ndoa mwaka 1995, akawabeba wajukuu watatu, akafungua fremu ya pili. Miaka ile yote, wapendwa, mimi naiita ya nyongeza, na namshukuru Mungu kwa Kifaransa.

Alhamisi tarehe 5 Novemba 1998 alipata kiharusi, akalazwa. Ulimi ulikuwa mzito, akili safi kabisa. Msimu wa mpira ulikuwa katikati, na hatukujua kama Elisaria ataruhusiwa. Dada hakumuulizia. Aliangalia mlango tu.

Jumapili jioni mlango ukafunguliwa na mtu akainama kuingia. Dada akamkazia macho, akasema kwa shida, "Umewaachia nani timu?" Huyo ndiye dada yangu! Elisaria akalia kwa sauti. Mama yake akamwambia, "Piga magoti." Akapiga. Hata kwa magoti alikuwa mrefu kuliko kitanda, ikabidi ashushe kichwa mpaka kwenye mto. Ndipo dada akamshika masikio, akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso, kama wazee wetu wa Machame wanavyobariki, na akawa anayasambaza kwa kidole gumba polepole mpaka yakakauka. Hakuogopa tena. Mimi nilikuwepo, niliuona uso wake.

Alifariki Jumatano tarehe 11 Novemba 1998, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Kesho, Jumamosi, tutamzika nyumbani Nkweshoo.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo mmoja, jumuiya iliyomwombea na majirani wa Kariakoo walioshindwa kufungua maduka tangu Jumatano. Pumzika kwa amani, Agnesi. Mwanao amekuja, na kesho atakuwa mbele ya jeneza lako.