Marehemu Dekow na Simu Iliyopima Mguu Wake

Assalamu alaykum. Mimi Weris, dada mkubwa wa marehemu Dekow, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, kwa kuwa ni mimi tu niliyebaki ninayejua umri wake, maana kitambulisho kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1956, kama nusu ya wazee walioketi hapa, lakini mama yetu alimzaa karibu na Modogashe, mvua za Novemba mwaka 1951.

Alianza shule Garissa mjini Januari 1962, akamaliza Machi mwaka huohuo, mbuzi walipomhitaji, na walimu hawakulia.

Mwaka 1974 akawa dalali katika soko la mifugo, akasifika kwa kutaja uzito wa ng'ombe kwa kumtazama tu, na pia, Mungu amsamehe, kwa kuwalambisha mbuzi chumvi asubuhi ya soko ili wanywe maji, matumbo yajae, na nyinyi wanunuzi mlioko pale nyuma msijifanye hamkujua.

Tarehe 9 Mei 1978, huko Balambala, alimwoa Bishara, baada ya kuniapia kwamba hamtaki, wakajaliwa watoto sita, Sagal wa kwanza, Najib wa mwisho, wote na pua yake, poleni sana.

Machi 2023 mguu wa kushoto ulivimba hadi champali ikamkataa, akakaa nyumbani, na kukosa soko la Jumatano kulimuuma kuliko mguu wenyewe. Muuguzi Idman wa kliniki alimwambia aufunge bandeji, apunguze chumvi, alale ameuinua juu ya mito, naye akakataa, akisema yeye si mbuzi aliyechinjwa aninginizwe miguu juu. Basi Idman akaleta simu, akaizungusha polepole pande zote za mguu, ikatoa picha ya pande tatu, mguu ukageuka kwenye kioo kama fahali mnadani, na chini yake kipimo cha uvimbe.

Dekow akaanza kupatana. "Punguza kidogo, Idman, tusikosane."

"Adeer, mzee wangu, simu haipunguzi. Ukipungua mguu, itasema. Usipopungua, soko usahau."

Alirudi nyumbani amenuna, akapanga kuidanganya simu, yale ya mbuzi akayageuza, akaacha chumvi, akakaza bandeji kama mzigo wa ngamia, akalala mguu juu ya mito, huku akituapisha mimi na Bishara tusimwambie muuguzi. Kila kipimo simu ikasema uvimbe umepungua, naye akaingia nyumbani akicheka, "Abaayo, dada yangu, nimeiuzia simu mguu mwembamba!" Juni 2024 akarudi sokoni kwa miguu yake, amevaa champali zote mbili.

Idman nilimwambia siku ileile ya kwanza, mnanijua, akanisihi ninyamaze ili Dekow aendelee kudanganya, nami nikanyamaza, jambo ambalo ukoo huu haukuwahi kuliona.

Jumatano tarehe 12 Novemba 2025 aliuza fahali, akarudi, akaswali magharibi, moyo ukasimama.

Tunawashukuru madaktari waliompokea usiku ule, Idman na simu yake, majirani mliopika, na madalali wenzake mliofunga mnada, ingawa wawili niliwasikia wakitajiana bei njiani kwenda makaburini.

Dekow, ndugu yangu, sasa umejua, simu hukuidanganya. Mola akulaze pema, na malaika wakikuuliza, jibu moja kwa moja, usianze kupatana.