Binti Yetu na Msitu Uliokosekana Kwenye Ramani

Ndugu, majirani na marafiki mliokaa nasi tangu Jumanne, maisha ya binti yetu yalikuwa hivi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu kati ya wanne, baba yake dereva wa lori na mama yake fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1992 hadi 1998, sekondari hadi 2002, kisha chuo cha upimaji ardhi, alikohitimu Novemba 2008.

Tarehe 2 Februari 2009 aliajiriwa katika chumba cha ramani cha ofisi ya ardhi, ambako mwezi wa kwanza alipanga kinyume namba za kuonyesha mahali, msitu mzima ukaangukia baharini kwenye ramani, na wenzake wakambandika jina la Bi Papa, ambalo hata mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma aliyefunga naye ndoa tarehe 15 Desemba 2012, alilitumia akitaka kumchokoza. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 2014 na wa kiume 2017.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha ramani za maeneo yaliyohifadhiwa, za misitu, za maji na za wanyama, ziwe ramani moja ya ofisi zote, na mwaka 2022 aligundua kwamba msitu wa chemchemi tunayochota maji sote haumo katika hata moja, kwa kuwa kila ofisi ilidhani nyingine imeuandika, na tayari wapo walioomba wakatiwe viwanja humo. Alikwenda kuupima kwa miguu, wiki baada ya wiki, akilala humohumo, watoto wakibaki kwa bibi yao, mama yake, ambaye kila alipompigia simu kumwambia wanamuulizia alijibiwa kwamba umebaki upande mmoja tu, mpaka akawa akiusikia huo upande mmoja anakata simu.

Maumivu ya figo yalianza Juni 2023, akayaita uchovu, akalazwa tarehe 22 Januari mwaka huu, akamalizia mipaka akiwa kitandani, kompyuta juu ya mto, na akafariki Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufulia, na wenzake wa ofisini, ambao jana walimfungulia mama yake ramani hiyo kwenye simu, msitu umo, umepakwa kijani, viwanja havitakatwa, naye akauliza kama inaonyesha pia mahali alipokuwa akilala binti yake, wakamwambia hapana, ni mipaka tu.

Pumzika, mwanetu, kwa amani uliyoichelewesha.