Ushindi wa Mama Nunziata Kabla ya Saa Sita

Nianze na dhambi yangu, maana padri ameshaisikia na ninyi bado. Mwaka juzi nililetewa barua pepe kwamba nimeshinda bahati nasibu. Nikatuma ada waliyodai, sikuona hata senti. Kwa aibu nikanyamaza. Jumamosi iliyopita kimya hicho kilikaribia kummaliza Mama Nunziata. Tulikuwa kwenye benchi letu nje ya mkahawa, hapa Napoli, akatujia mbio. Mkono mmoja simu, mwingine bahasha ya euro mia sita. Zile ndizo alizoweka ili mifupa ya marehemu mumewe, Liborio, ikifukuliwa mwezi ujao, kama desturi ya hapa baada ya miaka miwili, ipate kishubaka chake ukutani, isimwagwe katika shimo la wote.

— Nimeshinda euro laki nane, alisema akihema. Ila nitume mia sita za ushuru kabla ya saa sita.

— Lete nisome, alisema Profesa, ambaye shuleni alikuwa mpiga kengele. “Mpendwa Mshindi...”

— Jina langu halimo?

— Wakubwa hawataji majina, mama. Namba ya ushindi: arobaini na nane, ishirini na tatu.

Redio, muuza sigara, akaruka hadi kahawa ikamwagikia suruali yangu. Hapa kwetu kila namba ya bahati nasibu ina maana yake ya ndoto, na yeye anazijua zote.

— Arobaini na nane ni maiti anayesema! Huyo Liborio huyo.

— Na ishirini na tatu? niliuliza.

— Mjinga.

Tukatazamana.

— Mjinga ni huyo anayegawa laki nane kwa asiyemjua, Redio akasema.

— Lakini mimi sikununua tiketi, jamani.

— Alinunua Liborio.

— Miaka miwili yuko ardhini.

— Ndiyo maana imechelewa. Toharani kuna foleni.

— Halafu wameandika nisimwambie mtu.

— Sisi si watu, sisi majirani, alisema Profesa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama, mama, utume. Zimebaki dakika ishirini.

Nunziata alishaanza kuvaa miwani atafute namba ya akaunti. Nami niliyejua nilikuwa nakoroga kikombe kisicho na kitu.

Hapo akafika Sabatino, mchimba makaburi, ndiye atakayemfukua Liborio. Akaagiza kahawa, akasikiliza yote amesimama.

— Mama Nunziata, marehemu wako ameshakuletea namba ndotoni?

— Mara nyingi. Mara mbili nilipata.

— Alikutoza euro ngapi kwanza?

Katika mtaa huu wafu wametupa namba tangu enzi za babu zetu, na hakuna aliyewahi kusikia wakidai ada.

Ndipo ulimi wangu ulipofunguka.

— Mimi nilituma, mama. Mwaka juzi. Barua ilikuwa hivihivi, na haraka hivihivi.

Akasukuma bahasha kifuani.

— Na ulikuwa umekaa hapo unanitazama?

— Nilikuwa nimekaa hapa.

— Ungesubiri kidogo tu, mume wangu angelala shimoni na wasiojulikana.

Redio alikwenda kucheza arobaini na nane na ishirini na tatu kwenye bahati nasibu hata hivyo.

Basi wewe unayenisikiliza, kama ulishaliwa pesa hivyo, nakuomba umwambie jirani yako leo.