Mke wa Damian Kaenda Tibet

[Gizani. Kitu kidogo kinaviringika sakafuni: krrr... tak. Krrr... tak. Simu inaita juu yake.]

Vumilia: Haloo? Nani mwenzangu?

Mama Heshima: Haloo! Haloo! Unanipata?

Vumilia: Nakupata nusu nusu. Nani? Namba yenyewe ndefu kama—

Mama Heshima: Heshima! Mama yako, niliyekuzaa kwa uchungu na sasa unaniuliza jina! Hii laini ya Wachina, dada wa bendera, huyu anayetuongoza safarini, kaninunulia stesheni.

Vumilia: Mama! Shikamoo, Mama!

Mama Heshima: Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona kama umeiba?

Vumilia: Niko gizani.

Mama Heshima: Wamekukatia umeme? Sweden?

Vumilia: Mama, ni Desemba. Saa kumi hii, jua la Rågsved limeshakwenda zake. Na taa mumeo hataki niwashe.

Mama Heshima: Hicho kinachokwaruza ndiye?

Vumilia: Ndiye. Yuko chini ya meza ya jikoni na kitreni chake. Kile kitenge ulichomwachia kitandani kakitundika kama pazia, anasema ndilo handaki.

Mama Heshima: Mume wangu jamani! Mpe simu.

Vumilia: Damian! Bibi huyu hapa. Njoo umsalimie. [Krrr... tak.] Damian, si nakuita? [Krrr... tak.] Umesikia jibu.

Mama Heshima: Bado kanuna?

Vumilia: Kununa ni kwa watu wa kawaida. Huyu kasusa. Tangu ulipoondoka hajatamka neno la Kiswahili humu ndani. Namwambia "kula", ananijibu Kiswidi. Namwambia "oga", Kiswidi. Namuuliza kwa nini, ananiambia Kiswahili ni cha Bibi, na Bibi hayupo.

Mama Heshima: Loh.

Vumilia: Subiri, hujasikia. Mwalimu wa chekechea kaniita.

Mama Heshima: Kapiga mtu?

Vumilia: Afadhali angepiga mtu! Wamenikalisha kwenye kile kiti cha watoto, magoti yamenifika kidevuni. Mwalimu ananiangalia kwa huruma, kanisogezea na boksi la tishu. "Vumilia, nyumbani kuna jambo? Damian anasema mke wake kamtoroka alfajiri. Kaenda China. Na analala chumba kimoja na Axel."

Mama Heshima: [anacheka mpaka anakohoa] Axel! Mzee wa watu, msafiri mwenzangu tu, ana goti la chuma na meno ya kuazima!

Vumilia: Mimi najua. Mwalimu atajuaje? Na darasa lile lina Axel watatu, Mama. Wote wanaangaliwa kwa jicho baya.

Mama Heshima: Ukamwambiaje?

Vumilia: Nikamweleza. Kwetu bibi ni mke wa mjukuu, ni utani wetu, tena huyu ana jina la babu yake kabisa, kwa hiyo ndoa imekaza. Akatikisa kichwa weee. Akaniuliza, "Na wewe, unajisikiaje kuhusu uhusiano huo?"

Mama Heshima: Mungu wangu.

Vumilia: Nikamwambia mimi ndiye mama mkwe, na tabia ya mke sijaridhika nayo.

Mama Heshima: Mwanaharamu we! Nitafukuzwa Sweden na—[kshhh]—uzee huu!

Vumilia: Unakatika. Haloo?

Mama Heshima: Nipo. Lakini sasa... anakula?

Vumilia: Anakula.

Mama Heshima: Analala?

Vumilia: Analala na kitenge. Mama, nilikwambia umuage. Nilikwambia au sikukwambia?

Mama Heshima: Angelia.

Vumilia: Angelia, yangeisha. Wewe ukatoka alfajiri kwa kunyata, viatu mkononi, jirani Eve anakungoja chini na gari lake la kwenda kazini uwanja wa ndege, halafu lile begi lenye gurudumu bovu likaanza kupiga kelele kwenye korido nzima. Ulidhani atasikia nani kama si yeye? Nilimkuta mlangoni na pajama, anasikiliza lifti ikishuka.

Mama Heshima: Hukuniambia hilo.

Vumilia: Ndiyo nakwambia leo.

Mama Heshima: [anavuta kamasi]

Vumilia: Haloo? Mama?

Mama Heshima: Nipo. Huu mtandao tu.

Vumilia: Na juzi tumetoka mjini, treni ikafika Rågsved, milango ikafunguka, bwana mkubwa kagoma. Kashika nguzo. Kwa sababu kuna bibi mmoja kamzoesha, kila Jumamosi wakifika kituo cha nyumbani, "Hatushuki hapa, mume wangu, tunakwenda mpaka mwisho wa reli." Chakula kinapoa mezani, wao wako Hagsätra wanamwangalia dereva!

Mama Heshima: Dereva anatoka kichwani mwa treni, anatembea mpaka mkiani, mkia unakuwa kichwa. Ni jambo la kuangalia lile. Nyie vijana hamna macho.

Vumilia: Basi tukaenda mpaka Hagsätra, mimi na mifuko ya sokoni. Dereva kapita. Damian hakumwangalia hata. Alikuwa anaangalia mlango.

Mama Heshima: Mlango wa nini?

Vumilia: Mama, na wewe. Alidhani uko huko.

[Krrr... tak.]

Mama Heshima: Vumi, mtihani wako si Jumanne?

Vumilia: Jumanne.

Mama Heshima: Na siku za shule ya jioni mtoto anakaa na nani?

Vumilia: Na Eve. Anamfundisha kula ugali kwa mkono wa Kikenya, sijui ukoje.

Mama Heshima: Eve naye mtu wa zamu. Anachoka. Mimi naona—[kshhh]—kwa nini uhangaike, mwanamke mzima nipo, mzazi wako—

Vumilia: Naona umeanza kuzunguka. Niambie safari. Huyo Axel anakoroma bado?

Mama Heshima: Huko si kukoroma, ni kuchana mbao. Chumba chetu cha treni vitanda vinne, viwili juu, viwili chini. Mimi chini, Axel chini, tunaangaliana kama maharusi. Asubuhi anakamua ile kaviari yake ya tyubu, mayai ya samaki, juu ya mkate mkavu. Ametoka nayo Stockholm! Nje dunia nzima imebadilika, ngamia wanapita, milima ina theluji, yeye anasema mkate wa Kichina ni laini mno. Dada wa bendera kila tukishuka anatuhesabu kama bata. Bendera juu, tunamfuata, wazee wote wa Sweden mguu kwa mguu, na mimi Mndamba mmoja nyuma na kofia ya sufu.

Vumilia: [anacheka] Na presha?

Mama Heshima: Daktari si alinipitisha? Na leo dada katubana vidole na kile kidude chake cha kupima hewa ya damuni. Yangu ndiyo nzuri kuliko ya wote. Wamenionea wivu.

Vumilia: Mama.

Mama Heshima: Naam.

Vumilia: Huo upepo unatoka wapi?

Mama Heshima: Upepo gani?

Vumilia: Unaovuma simuni.

Mama Heshima: Dirisha.

Vumilia: Si ulisema madirisha ya hiyo treni hayafunguki, yamebanwa kama ya ndege?

Mama Heshima: La... la chooni.

[Kwaruku, kwaruku, kwaruku.]

Vumilia: Na hilo?

Mama Heshima: Mtu anapita.

Vumilia: Mtu anapita na gurudumu bovu la begi lako?

Mama Heshima: Duniani magurudumu mabovu mengi, Vumilia.

Vumilia: Uko wapi?

Mama Heshima: Nimenyoosha miguu tu.

Vumilia: Na begi nalo linanyoosha miguu? Mama! Uko wapi?

Mama Heshima: Golmud, mlango wa Tibet. Nje. Wanabadilisha injini, wanafunga kubwa ya kupandia milima. Kuna treni ya kurudi chini kesho asubuhi, nitalala hapahapa stesheni, nitakuja kumwangalia mume wangu na wewe ufanye mtihani wako kwa raha. Nimeshaamua.

Vumilia: Dada wa bendera anajua?

Mama Heshima: Anahesabu upande ule.

Vumilia: We Mama we! Miaka yote wimbo ni huohuo! Mlimba, Mlimba, fundi wa reli Mchina kanipa kofia ya majani, kaniambia kwa mikono kuwa kwao kuna mlima treni siku moja itapita juu ya mawingu! Tumekula wimbo huo na chai! Umebakiza kulala na kuamka, ufike, halafu unashuka?

Mama Heshima: Mtoto ananihitaji.

Vumilia: Mtoto ana hasira. Hasira haiui.

Mama Heshima: Usinipigie kelele, mimi si—

Vumilia: Unamrudia Damian, au unaogopa?

[Upepo. Tangazo la Kichina kwa mbali.]

Vumilia: Mama?

Mama Heshima: Kuanzia hapa kupanda mlima hewa ni haba, ya kugawiwa, Vumi. Kama wali wa msibani. Dada kagawa mipira ya hewa ya puani, kila mtu na wake. Unachomeka ukutani, unavaa. Wenzangu wanacheka, wanapigana picha. Axel kavaa wake, kalala chali, kapandisha mikono kifuani hivi. Nikigeuka namwona. Nikifumba macho namwona vilevile. Ile mipira ni sawasawa na ile ya—

Vumilia: Najua.

Mama Heshima: Hujui. Ile wiki ya mwisho ya baba yako ulikuwa na mimba, tulikukataza wodini.

Vumilia: Nilikuja.

Mama Heshima: Ulikuja lini?

Vumilia: Ulipoteremka kununua kahawa. Muuguzi mmoja alinifungulia. Nilimwona Baba na mipira yake.

Mama Heshima: [kwa sauti ndogo] Na hukusema.

Vumilia: Na wewe hukuuliza. Alinishika tumbo. Akasema huyu atakayezaliwa, akichukua pua yangu, pole yake.

Mama Heshima: [kicheko kinachokatika katikati] Na kaichukua.

Vumilia: Yote. Bila kubakiza. Mama, ule mpira wa Baba ulikuwa wa kulala. Huo wako ni wa kuona mlima. Uvae uangalie dirishani. Mgeuzie Axel mgongo, si mume wako yule.

Mama Heshima: Mdomo huo umeutoa wapi?

Vumilia: Shule ya jioni. Sasa sikiliza. Mimi kama mama mkwe wako, nakuamuru: rudi kwenye treni. Sitaki mke wa nusu safari katika ukoo wangu.

Mama Heshima: Mama mkwe gani asiyeweza hata kumleta mwanawe kwenye simu! Mume wangu angeniambia neno moja tu, moja, ningepanda hata juu ya bati. Lakini kaniacha huyu. Sasa nipande kwa ajili ya nani?

Vumilia: Kwa ajili yako!

Mama Heshima: Mimi sijazoea kwenda mahali kwa ajili yangu.

[Kwaruku, kwaruku.]

Vumilia: Simama! Usilivute hilo begi! Nimeweka spika, jikoni kote linasik—ngoja. Mama, ngoja.

Mama Heshima: Nini?

Vumilia: Sikiliza.

Mama Heshima: Sisikii kitu.

Vumilia: Ndiyo hivyo. Kitreni kimenyamaza.

[Kitambaa kinaburuzika sakafuni.]

Mama Heshima: Anafanya nini?

Vumilia: Kashusha pazia. Katoka. Kalijua gurudumu lako.

Mama Heshima: Mume wangu? Damian? Mimi hapa, Bibi. [kshhh] Ile siku nilikukimbia. Sikufanya vizuri. Nilidhani nikikuona nitashindwa kuondoka, ndiyo maana. Unanisikia?

[Pumzi ya mtoto karibu na simu.]

Vumilia: Anasikia. Kasimama hapa, kaishika simu kwa mikono miwili.

Mama Heshima: Basi Bibi anarudi nyumbani. Unafurahi? Nimeshashuka kwenye treni, niko na begi langu hapa stesheni, theluji inan—[kshhh, kshhh]

Vumilia: Katikisa kichwa.

Mama Heshima: Hataki nirudi?

Vumilia: Sijui. Kakunja uso. Pua yote ya Baba.

[Honi ndefu. Sauti ya mwanamke inaita: "Heshima! Heshima!"]

Mama Heshima: Huyo dada kaniona. Anakuja mbio na bendera yake, maskini, atateleza. Na simu inalia ti-ti-ti, kifurushi kinakwisha. Vumi!

Vumilia: Panda, Mama! Wanafunga milango?

Mama Heshima: Mmoja umebaki. Axel kauweka mguu wake wa goti la chuma mlangoni, anapiga kelele Kiswidi!

Vumilia: Panda basi! Kwaheri, panda!

Mama Heshima: Kwaheri, mwanangu, fanya mtihani, funga mlango usiku, mimi sijui... miguu imekataa, Vumi, mwambie mume wangu kuwa—

Vumilia: Mwambie mwenyewe! Damian, sema na Bibi, haraka—

Damian: Bibi, hatushuki hapa.