Historia ya Marehemu Donatus Masele, Karani Aliyeuliza Mzigo Unashushwa Wapi

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa hapa Nyarugusu leo, tarehe 9 Septemba 1987, ingawa hadi jana mchana gari lilikuwa limeshakodiwa kumpeleka marehemu kwao Ushirombo, na mjane wake alikuwa hali wala hanywi, akiwaza kwamba kila akitaka kuliona kaburi la mumewe itabidi atafute nauli.

Marehemu Donatus Masele alizaliwa tarehe 12 Machi 1936 huko Ushirombo, mtoto wa pili wa Mzee Masele na Mama Philomena, akasoma shule ya misheni tangu 1946 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1953, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata vijana wa kijiji wakampa barua zao za uchumba awaandikie.

Tarehe 1 Februari 1958 aliajiriwa ukarani katika duka la jumla la Bwana Pranlal mjini Kahama, na enzi hizo zilikuwa na utamu wake, vidole vyeusi kwa karatasi ya kaboni, redio kwenye kaunta, na chai ya tangawizi ya Madhuben, mke wa tajiri, ambayo ilifika saa nne kamili bila kukosa. Kila wilaya ilikuwa na kiwango chake cha ushuru wa bidhaa, na karani aliuandika kwenye ankara kufuata mahali bidhaa zitakapouzwa, lakini Donatus, kwa adabu aliyolelewa nayo, alimwamkia kila mteja, akamuuliza kwao ni wapi, wazee hawajambo, kisha akaandika ushuru wa huko huko kwao. Hivyo Novemba 1966 Bhoke, binti wa Kikurya mwenye duka hapa Nyarugusu, aliandikiwa ushuru wa Tarime, lori likazuiwa kwenye kizuizi cha kuingia wilaya yetu ya Geita, na magunia yake saba ya sukari yakanyeshewa siku mbili.

Bhoke alirudi Kahama amefura, na maneno yake tunayajua wote kwa kuwa marehemu aliyaigiza kila sikukuu: “Wewe karani, nani kakwambia nauza sukari Tarime? Kule nimezaliwa tu!” Bwana Pranlal alitaka kumtupia lawama dereva, lakini Donatus akasema kosa ni lake, akakubali kukatwa mshahara miezi minne, akaongeza mstari kwenye ankara wa mahali mzigo unaposhushwa, mstari ambao hata wenye maduka wa Kagongwa waliuiga.

Mwaka mzima wa 1967 aliziwasilisha mwenyewe ankara za Bhoke, akidandia malori hadi hapa, kazi ambayo hakuna tajiri aliyemtuma, na tarehe 4 Mei 1968 wakafunga ndoa, wakajaliwa Paskalia, Esta na Onesmo. Duka la Kahama lilipofungwa mwaka 1973 alihamia hapa moja kwa moja, na wachimbaji na wenye maduka wakamfanya karani wao wote.

Alianza kusumbuliwa na presha mwaka 1983, kiharusi kikamchukua mkono wa kulia Juni 1986, akajifunza kuandika kwa kushoto huku akijicheka, na tarehe 6 Septemba mwaka huu, saa kumi na moja alfajiri, akafariki hospitalini Geita. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyabiashara wenzake mliofunga maduka leo.

Kaka yake, Mzee Pantaleo, ndiye aliyekuja na gari, akishikilia kwamba Masele hazikwi ugenini, lakini jana jioni alipokwenda sokoni kununua sanda, watu asiowajua walimpa shikamoo njia nzima, wengine wakilia, kwa jinsi anavyofanana na mdogo wake, na mwenye duka akakataa kupokea pesa ya sanda. Alirudi, akamwambia dereva aondoke, akaomba jembe, na udongo wa kwanza ameuchimba yeye.

Mama Paskalia, kaburi liko hatua arobaini kutoka mlangoni kwako. Lala salama, Donatus.