Bomba Tupu Lililomchukua Protas

Ndugu waombolezaji, haya nimeyaandika mimi Auleria, bibi yake marehemu, mpishi wa nyumba ya madam Sheikha kule Al Warqa, hapa Dubai, na anayewasomea ni mjukuu wangu Respicius, mdogo wa marehemu na mchomeleaji mwenzake kazini, maana darasa langu la tatu halitoshi kusimama mbele ya watu.

Protas alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 Kanyigo, Kagera, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi mwaka 2008, hesabu zikamshinda, ubishi haukumshinda, kisha akajifunza kuchomelea vyuma Bukoba, na Juni 2019 akaja Dubai kutengeneza meli, akikaa chumba cha kampuni kule Dubai Investments Park. Tarehe 8 Januari 2022 alifunga ndoa na Rosina, aliyemvumilia, wakajaliwa mtoto mmoja, Emiliana, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2023.

Januari mwaka huu ililetwa manowari yenye mabomba ya kurushia makombora ya kuwinda nyambizi, yaani kombora linaruka juu ya bahari, halafu linazama kumtafuta aliyejificha chini, na Protas aliyaogopa hadi akawa hali chakula, akanipigia kusema bibi, naota limewaka nimo ndani. Jumanne tarehe 11 Februari 2025 wanajeshi walikagua bomba, wakatia sahihi kwamba kombora limetolewa, kila mtu akapumua, msimamizi wao Musallam akasema yalla, khalas, yaani haya, imekwisha, hakuna cha kulipuka, basi hakuna aliyekumbuka kushusha kipima hewa kwa kamba kama wafanyavyo siku zote, na kumbe gesi ya kuchomelea, isiyo na harufu, ilikuwa imetuama chini tangu jana yake. Protas alishuka bombani kuchomelea anacheka, akazimia humo kwa kukosa hewa. Alilazwa siku tatu bila kuamka, akafariki Ijumaa tarehe 14.

Sasa Respicius, usiruke hapa, soma nilivyoandika: mimi Respicius nimepangiwa Jumatatu kumalizia bomba lilelile, naogopa, bibi yangu anaogopa kunizidi, na mbele yenu, na mbele ya bwana Musallam aliyekaa pale nyuma, nasema sishuki mpaka kipima hewa kitangulie nikikiona kwa macho yangu, wakitaka kunirudisha nyumbani wanirudishe.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliopika, wenzake wa kazini mliomvuta nje kwa mikono yenu, na madam aliyenipa ruhusa ya siku mbili, mbili tu. Protas, pumzika kwa amani mjukuu wangu, mdogo wako ameshasema, na watu wamemsikia.