Dada Aliyeuliza Maji Yanaingiaje

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi saa na muuguzi.

Alianza shule Januari 1958 na kumaliza chuo kikuu mwaka 1975. Mdogo wake, fundi cherehani anayewasomea wasifu huu, aliishia darasa la nane, na dada alipoeleza kazi yake yeye alibaki kutoa macho tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Seli imefunikwa na utando wa mafuta, na vipokezi vyake, protini zinazopokea habari kutoka nje, vimepenya utando huo: kichwa nje, mkia ndani. Kimeng'enya kimoja, protini inayofanya kazi kama mkasi, hukata kichwa. Kingine hukata kilichobaki katikati ya utando, na mkia hupeleka habari ndani ya seli. Sasa, ukataji huo unahitaji maji, na maji na mafuta hayaivi chungu kimoja. Yanaingiaje? Dada alihangaika na swali hilo miaka na miaka. Mitatu kati ya hiyo alikitupa kipande kidogo kilichojitokeza kwenye vipimo, akidhani ni uchafu, mpaka fundi wa maabara alipomuuliza, “Mbona uchafu huu unarudi palepale kila mara?” Kumbe ndicho kipande alichokuwa akikitafuta, kilichokatwa ndani ya utando; nacho kilimfikisha kwenye jibu: maji huingia kwa kitundu kilichomo ndani ya kimeng'enya chenyewe.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Bibi harusi alichelewa saa nzima. Alikuwa maabara, akingoja mashine isimame.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza mwaka 2019. Kila Jumapili alimwomba mdogo wake amsomee madaftari yake ya kazi. Mwanzoni fundi cherehani huyo alikaripiwa: “Si juu ya utando, wewe! Ni ndani, ndani kabisa!” Baadaye makaripio yalipungua, naye hakujua kama yeye ameelewa au dada amesahau. Hadi leo hajui.

Tarehe 5 Oktoba 2025 fundi alimweleza dada yote bila daftari. Dada alisikiliza kwa makini, akauliza, “Nani aligundua hayo?”

“Ni wewe, dada.”

“Acha utani. Huyo mtu alikuwa na akili.”

Fundi alilia mbele yake bila kujificha. Dada alifariki tarehe 11 mwezi huohuo, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, mdogo wake na wanafunzi tisa aliowafundisha kazi hiyo maabara. Wanafunzi mliopo hapa, kama fundi amekosea popote katika maelezo haya, tafadhali nyoosheni mkono mmsahihishe. Aliyekuwa akimsahihisha hayupo tena.

Dada yetu na apate pumziko la amani.